Majina ya Makao ya Wagonjwa wa Akili: Historia Fupi na Pendekezo la Istilahi

Kila istilahi ina historia yake, na mara nyingi historia hiyo huwa ni ya watu kabla ya kuwa ya maneno. Makusudi ya makala haya ni kuchunguza majina ambayo Kiswahili kimeyatumia kuwataja watu wazima wenye magonjwa mazito ya akili, na hasa majina ya mahali walipowekwa, walipotibiwa au walipokaa. Tutajaribu kuonyesha kwamba kila jina lilikuja pamoja na namna yake ya kumtazama mgonjwa, na kwamba mpaka sasa lugha yetu haijakubaliana juu ya jina la makao ambayo si wodi, wala si jela, wala si nyumbani kwa wazazi.

Jambo hili si la wataalamu wa lugha peke yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno litakaloandikwa katika sheria na kanuni zetu ndilo litakalomweleza hakimu, mganga, ofisa wa ustawi wa jamii na ndugu wa mgonjwa kwamba mgonjwa huyo anastahili nini. Kitu kisichokuwa na jina katika sheria ni vigumu kukidai.

Katika uchunguzi huu tutasimama zaidi upande wa Nanyamba, katika Mkoa wa Mtwara, juu ya uwanda wa Makonde. Tumepachagua mahali hapa kwa sababu hakuna hospitali kubwa ya magonjwa ya akili iliyo karibu nako. Aliye mlangoni pa hospitali aweza kuitambua kwa macho, bali aliye mbali huipokea kwanza kwa jina lake.

MANENO YA NYUMBANI

Kabla ya kuwapo hospitali yo yote, Kiswahili kilikuwa na maneno mengi ya kutaja maradhi haya. Neno "mwendawazimu" limeundwa kwa kitenzi "kwenda" na jina "wazimu", ambalo shina lake ni lile lile tulionalo katika "mzimu" na "kuzimu". Waliolitumia kwanza walimwona mgonjwa kama mtu anayekwenda na nguvu zisizoonekana. "Majinuni" limetoka katika Kiarabu, nalo lina undugu na neno "jini". Maneno haya mawili, moja la Kibantu na moja la Kiarabu, yanakubaliana kwamba chanzo cha ugonjwa kiko nje ya mgonjwa. Yalimtisha msikiaji, lakini hayakumlaumu mgonjwa.

Neno "kichaa" linatufundisha jambo lingine. Twaweza kusema "fulani ana kichaa", na hapo kichaa ni kitu alicho nacho, kama vile mtu alivyo na homa. Lakini twasema pia "fulani ni kichaa", na hapo ugonjwa umekwisha kuwa mtu mwenyewe. Neno hili liko katika umbo la KI-VI pamoja na "kipofu", "kiziwi", "kiwete" na "kilema", ingawa upatanisho wake katika sentensi ni wa viumbe wenye uhai. Baadaye "mlemavu" na "asiyeona" yalipendekezwa mahali pa maneno hayo ya zamani, na kwa sababu hiyo hiyo "mgonjwa wa akili" likapendekezwa mahali pa "kichaa". Mgonjwa ni mtu anayeugua, na anayeugua aweza kupata nafuu. Maumbile ya neno yamebeba tumaini.

Hata hivyo, hazina kubwa kuliko zote katika maneno ya nyumbani haimo katika majina, imo katika vitenzi. Kutokana na "kuugua" tumepata "kuuguza", maana yake kumtunza mgonjwa, na "kuuguliwa", maana yake kuwa na mgonjwa katika nyumba yako. Mtu akisema "nimeuguliwa", haumwi yeye, anaumwa mwanawe, au mkewe, au mama yake. Lugha imekiri kwamba ugonjwa wa mmoja huwapata wote wanaokaa naye. Hata mgonjwa alipopelekwa kwa mganga wa jadi, mara nyingi alikwenda na ndugu yake, wakakaa huko majuma au miezi, ndugu akipika na kuuguza huku mganga akitibu. Twaweza kusema basi kwamba nyumba ya mganga ilikuwa ndiyo makao ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika nchi hizi. Hatusemi kwamba yote yaliyotendeka humo yalikuwa mema, maana kamba na minyororo ilitumika, na bado hutumika mahali pengine. Tunalosema ni kwamba mgonjwa hakukaa humo peke yake.

KUJA KWA NYUMBA YA WENDAWAZIMU

Makao ya namna mpya yaliletwa na wageni. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisheni wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 nyumba ya kuwatunza watoto waliookolewa katika utumwa. Katika miaka ya mwanzo ya karne iliyofuata nyumba hiyo ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na hospitali ya Lutindi iko hadi leo chini ya Kanisa la Kilutheri. Yafaa ikumbukwe kwamba tangu zamani kazi za mikono na za shamba zilihesabiwa huko kuwa sehemu ya matibabu.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walifungua hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Dodoma mwaka 1927, nayo ndiyo hospitali ya Mirembe. Nchini Kenya walikuwa wamefungua ya Nairobi mwaka 1910, ambayo mwaka 1924 ilipewa jina la Mathari. Zanzibar iko Kidongo Chekundu, na Uganda ikapata Butabika katika miaka ya 1950. Jina la Kiingereza lililoandikwa kwanza juu ya milango ya nyumba kama hizi lilikuwa na maana ya kimbilio, yaani mahali pa kujisalimisha. Lakini watu wetu hawakulitafsiri hivyo. Walitazama kuta, kufuli na walinzi, wakasema "nyumba ya wendawazimu" na "hospitali ya vichaa". Tafsiri ya wananchi ilikuwa sahihi kuliko jina la serikali, kwa kuwa ilitaja kilichoonekana.

Sheria nayo iliufuata mwendo huo. Sheria ya ukoloni iliyotawala mambo haya katika Tanganyika ilitaja maradhi ya akili katika jina lake, na shabaha yake kubwa ilikuwa kueleza nani aweza kumzuia mgonjwa, kwa hati gani, na kwa muda gani. Sheria ya namna hii haikuhitaji neno la kumtaja anayeuguza, kwa sababu mgonjwa akiisha kupokewa, mwenye kuuguza alirudi kwao.

JINA LA MAHALI LINAPOKUWA TUSI

Hapa tunapenda kusimama kidogo juu ya jambo ambalo wanaounda istilahi hulisahau. Serikali ilipoona kwamba majina ya zamani yanaudhi, ilizipa hospitali hizi majina ya mahali tu. Jina la mahali halina ubaya wo wote. Kidongo chekundu ni udongo wenye rangi nyekundu na hakuna zaidi. Lakini haukupita muda mrefu majina haya nayo yakachafuka. Kumwambia mtu katika Tanzania Bara kwamba anafaa kupelekwa Mirembe ni kumtukana, na hali ni hiyo hiyo kwa Mathari huko Kenya.

Fundisho lake ni wazi. Jina jipya haliwezi kuisafisha hali ya zamani. Kama mahali ni pa kutengwa, jina lo lote utakalopaita litanuka kutengwa. Kwa hiyo istilahi njema hutafutwa pamoja na utaratibu mwema. Baraza la lugha haliwezi kuunda utaratibu huo, lakini laweza kuuandalia neno, na laweza kukataa neno linalousaliti.

NENO "KIJIJI"

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno "kijiji" lilipata uzito ambao halikuwa nao. Maendeleo ya Taifa yalitazamiwa kutoka vijijini, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 mamilioni ya wananchi walihamia, au walihamishwa, katika vijiji vya pamoja. Katika hali hiyo madaktari wa magonjwa ya akili nao walianza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kuwahamisha baadhi ya wagonjwa waliopata nafuu kutoka wodini kwenda kukaa katika vijiji vya kilimo. Hombolo ulihusiana na hospitali ya Mirembe, na Vikuruti, nje ya jiji la Dar es Salaam, ulihusiana na hospitali ya Muhimbili. Vingine vilianzishwa mikoani.

Wazo lenyewe halikuwa la Tanzania peke yake. Huko Geel, nchini Ubelgiji, wenyeji wamewapokea wagonjwa wa akili kukaa nao majumbani tangu zama za kati. Nchini Nigeria, Dakta Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwapangisha wagonjwa katika vijiji vilivyoizunguka hospitali ya Aro, karibu na Abeokuta, kila mgonjwa akiwa na ndugu yake. Miaka hiyo hiyo dawa za kutuliza maradhi haya, kama klopromazini, zilianza kupatikana, na mgonjwa ambaye zamani asingeweza kutolewa wodini akaweza kushika jembe. Tanzania ililichukua wazo hilo, ikalitia katika lugha yake ya siasa.

Kwa mtazamo wa istilahi, badiliko hili lilikuwa kubwa. Anayekaa wodini ni mgonjwa. Anayekaa kijijini ni mwanakijiji. Mwanakijiji ana shamba, ana jirani, ana zamu ya kuteka maji, na ana mambo ya kuulizwa katika mkutano. Vile vile kijiji kilimrudisha ndugu mwenye kuuguza, ambaye ukoloni ulimwacha nje ya lango. Hatutaki kusema kwamba vijiji hivi vilifanikiwa kila mahali. Ndugu wengi hawakuweza kuacha mashamba yao wenyewe ili wakakae na mgonjwa. Uchumi ulipozorota kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, dawa, usafiri na watumishi vilipungua katika huduma zote za umma, na vijiji hivi havikusalimika. Mpango wa Taifa wa afya ya akili, ulioanza kujaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa Denmark, ulikaza zaidi matibabu karibu na nyumbani, katika zahanati na vituo vya afya. Hilo lilikuwa jema. Lakini zahanati hutoa dawa, haitoi mahali pa kulala.

UPANDE WA NANYAMBA

Na tuyapime maneno haya kwa hali ya Nanyamba. Kutoka hapo hadi Dodoma, kwa kupitia Dar es Salaam, ni mwendo wa karibu kilomita 1,000. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na wakati wa masika barabara ya kusini ilikuwa ikikatika kabisa. Mgonjwa wa Nanyamba aliyepelekwa Mirembe katika miaka hiyo alikwenda mahali ambapo ndugu zake hawakuweza kumfuata kwa urahisi, na ambapo hapakuwa na mtu wa kusema naye Kimakonde ila kwa bahati. Akipata nafuu, nani angemleta? Hospitali ya Ligula, mjini Mtwara, iko karibu zaidi, lakini hiyo ni hospitali ya magonjwa yote, na kitanda chake ni cha kutibiwa, si cha kukaa.

Uwanda wa Makonde uliviingia vijiji vya pamoja mapema, kwa kuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma vita vya kuikomboa Msumbiji vilipiganwa kutoka mwaka 1964 hadi 1974, na mpaka ulihitaji kulindwa. Wenyeji wake basi walikijua kijiji kwa pande zake zote mbili, yaani kijiji cha kusaidiana na kijiji cha kuamriwa. Hili ni onyo kwa istilahi yetu. Kijiji cha wagonjwa ambacho mtu hupelekwa bila ya kuulizwa kitakuwa wodi isiyo na paa.

Tena, neno "ndugu" lahitaji kuangaliwa. Kanuni nyingi husema kwamba mgonjwa atakabidhiwa kwa ndugu yake, kana kwamba neno hilo lina maana moja. Wamakonde hufuata ukoo wa upande wa mama, na kwa desturi mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Anayekaa na mgonjwa na anayeamua juu ya mgonjwa waweza kuwa watu wawili wenye nyumba mbili. Nao wote wana kazi. Mikorosho hupuliziwa salfa katikati ya mwaka, na korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi karibu na mwisho wa mwaka. Katika miezi hiyo mama mzee anayemuuguza mwanawe mwenye umri wa miaka 40 ana njia mbili tu: kuyaacha mavuno, au kumwacha mwanawe. Na mama huyo akifariki, lugha yetu ya serikali haina jina la mahali pa kumpeleka mwanawe, isipokuwa hospitali, ambako hahitaji kulazwa, au barabarani. Hili ndilo pengo tunalolizungumzia.

ISTILAHI INAYOTAFUTWA

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Neno "akili" katika mazungumzo ya kila siku lina maana ya werevu, na kwa hiyo watu wengi humchanganya mgonjwa wa akili na mtu aliyezaliwa na upungufu wa akili, ambaye zamani aliitwa punguani au taahira. Hizi ni hali mbili mbalimbali, na utunzaji wake ni mbalimbali. Pia neno "kali" hutumika kwa ugonjwa ulioanza ghafla na kwa ugonjwa uliozidi, na "sugu" kwa ugonjwa uliodumu. Ugonjwa tunaoutaja hapa waweza kudumu bila ya kuwa mkali kila siku. Twapendekeza "ugonjwa mzito wa akili", kwa sababu mzigo mzito waweza kubebwa, na hubebwa vyema zaidi na watu wawili.

Pili, mahali penyewe. "Kambi" ni pa askari, wakimbizi na vibarua. "Hifadhi" limekwisha kuzoeleka kwa misitu na wanyama wa porini. "Kituo" limetokana na "kutua", nalo lafaa kwa mahali pa kupumzika kisha kuendelea, kwa mfano nyumba ya majuma machache baada ya kutoka hospitali. "Makao" si baya, ila limeshikamana mno na watoto yatima. Twaona kwamba "makazi" ndilo linalofaa, kwa kuwa linatokana na "kukaa" na humfanya mwenye kukaa humo kuwa "mkazi". Mkazi ana anwani; ana haki ya kupokea wageni.

Tatu, msaada unaotolewa humo. "Malezi" ni ya mtoto, na mtu mzima aliyeugua harudi utotoni. "Ulinzi" ni wa mali, na "urekebishaji" umezoeleka katika habari za wafungwa, kana kwamba mgonjwa ametenda kosa. Neno "utengamao", ambalo wengine huliandika "utengemao", limekwisha kuingia katika lugha ya wizara ya afya, nalo ni zuri, maana kitu hutengemaa kikirudi katika hali ya utulivu na usitawi wake. Kwa hiyo twapendekeza "makazi ya utengamao" kwa jumla. "Nyumba ya utengamao" kwa nyumba moja ya watu wachache iliyo mtaani miongoni mwa nyumba nyingine. Na "kijiji cha utengamao" kwa makazi ya kilimo ya namna ya Vikuruti na Hombolo. Mtumishi anayekaa na wakazi hao na aitwe "msaidizi wa makazi", na ndugu wa nyumbani na aitwe kwa jina analostahili, yaani "mwenye kuuguza", ili sheria imtambue na imsaidie.

HITIMISHO

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliyafuta maneno ya sheria ya ukoloni, na kwa kuweka "afya" mahali pa "maradhi" iligeuza uso wa jambo lenyewe. Kazi iliyobaki ni kuitafsiri shabaha hiyo kwa maneno yatakayofahamika hata Nanyamba, katika ofisi ya kata na katika zahanati, bila ya mfasiri. Tumeona kwamba Kiswahili kilijua tangu kale kwamba anayeuguliwa naye ameguswa. Kwamba nyumba za kufungia zilimtoa mgonjwa katika sarufi hiyo. Na kwamba kijiji, kwa muda na kwa upungufu wake, kilijaribu kumrudisha.

Tunayaweka mapendekezo haya mbele ya wasomaji ili yachambuliwe. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa wauguzi, maofisa wa ustawi wa jamii na wenye kuuguza majumbani, tukijua kwamba wao wanayo maneno ambayo hayajafika katika kamusi. Kama yako mema kuliko haya yetu, na yatumike hayo.